Corolla 110 linaingiza maji miguuni kwa abiria na kwenye buti: nianzie wapi?

Mkaazi_Tudor

Assalaam alaykum wanajukwaa. Gari ni Toyota Corolla 110 la 1998, saluni, halina dirisha la paani. Tangu masika yashike, kapeti ya mbele upande wa abiria imelowa chepechepe. Ukiikanyaga unasikia maji yanalia chini ya kiatu. Upande wa dereva ni mkavu. Nyuma, shimo la tairi la spea hukusanya kama lita mbili kila inaponyesha usiku kucha. Asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani, na uvundo hauondoki hata gari likishinda juani milango wazi.

Mengine ambayo huenda yakasaidia: windskrini ilibadilishwa mwaka jana na kwa nje imezungushiwa silikoni nyeusi. Gari hulala chini ya mwarobaini, pua ikitazama mteremko. Siku zisizo na mvua, nikienda Mtwapa na kurudi AC ikiwa wazi, kapeti huwa mbichi kuliko nilivyoiacha. Rejeta huongezwa maji ya kisima mara mojamoja, si mengi. Kuna alamu iliyofungwa baadaye, na kioo cha umeme cha mlango wa mbele kushoto kilitengenezwa miezi michache iliyopita.

Fundi mmoja anataka ninunue tyubu tatu za silikoni apake kila penye mshono. Wa pili anasema ni hita (kile kirejeta kidogo ndani ya dashibodi kinachopasha joto kwa maji ya injini), dashibodi yote ishuke. Kabla sijatoa pesa, nitajuaje maji ni ya wapi, na lipi naweza kulifanya mwenyewe nyumbani?

---

FundiBodi_Changamwe

Waalaykumu salaam ndugu. Silikoni iache dukani kwanza. Maji kwenye gari huingia pengine, yakatembea juu ya waya au ndani ya nguzo ya bodi, yakaja kuonekana mbali kabisa. Ukipaka ovyo huenda ukaziba tundu ambalo kiwanda kililiacha makusudi ili maji yatoke, na lile la kuingilia likabaki wazi. Tena silikoni ya kawaida, ile yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kilichochubuka rangi. Na gundi ya kweli ya vioo haishiki juu ya mabaki yake.

Dalili ulizotaja si za tundu moja. Yatenge maji kwanza: yapo yanayokuja kwa mvua, na yapo yanayokuja gari likitembea kwenye jua kali. Hayo ya pili hayahitaji kutafutwa juu ya paa.

Anza na AC. Kwenye magari yetu ya usukani wa kulia, boksi la AC limekaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, yaani kushoto, pale pale panapolowa. Evaporeta ndani yake ni baridi na hewa ya Mombasa imejaa unyevu, basi maji hujikusanya juu yake kama kwenye bilauri ya maji ya barafu. Siku ya joto yanaweza kufika lita nzima kwa saa, au zaidi. Yote hayo yana njia moja tu: kimpira chembamba kinachopenya ukuta wa injini na kudondosha chini ya gari. Kikizibwa na vumbi na ute, boksi hufurika na maji hushuka kwenye kapeti.

Kipimo chake: siku kavu, egesha mahali tambarare, AC baridi ya mwisho, injini ikinguruma dakika 20. Chungulia chini, kati ya injini na miguu ya abiria. Gari lisilo na kasoro huacha kidimbwi. Ukikuta sakafu kavu na kapeti mbichi, umeshampata mshukiwa wa kwanza.

Kuzibua ni kazi ya dakika kumi. Nyanyua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), tafuta kimpira, kivute, kioshe. Kwenye tundu lenyewe pitisha uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, unene wa milimita 2. Usitumie waya wa chuma: evaporeta ni alumini nyembamba, ukiitoboa gesi yote inatoka na hiyo ni gharama nyingine kabisa. Hewa ya kompresa yafaa, lakini shinikizo dogo, isipite psi 30, nawe ukae pembeni maana maji machafu yatamwagika ghafla. Ukimaliza hakikisha kimpira kimerudi hadi mwisho. Kikiwa kimelegea au kimefupishwa, maji hufuata ukuta na kurudi ndani, na utadhani hukuzibua.

Kuhusu hita, usishushe dashibodi kwa kubahatisha. Maji ya hita huteleza kidoleni, hunuka utamutamu kama kuna kulanti (dawa ya rejeta), na huacha utando kwenye kioo cha mbele ambao kitambaa kikavu hakiutoi. Tatizo ni kwamba wewe unatia maji ya kisima, kwa hivyo rangi na harufu hazitakuambia kitu. Pima kwa kiwango: injini ikiwa baridi jaza rejeta hadi shingoni na tangi la akiba hadi alama ya juu, endesha siku tatu, pima tena ikiwa baridi. Gereji yenye pampu ya kupimia rejeta itamaliza ubishi kwa robo saa: wanatia shinikizo lisilozidi lililoandikwa kwenye kifuniko (mara nyingi baa 0.9 au 1.1), wanaacha dakika 15. Mshale ukishuka na nje hakuna panapovuja, hapo hita inashukiwa kwa haki.

Hata ikiwa ni hita, kwa Mombasa unaweza kuikata: mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa injini unaiunganisha kwa kipande cha bomba la inchi 5/8 na klipu mbili. Hakuna atakayeikosa joto lake Tudor. Lakini maji ya kisima yaache. Chumvi yake ndiyo inayokula hita na rejeta kutoka ndani. Tia kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu.

---

Mzee_wa_Mikindani

Fundi amesema kweli kuhusu AC. Mimi naongeza mwarobaini, maana hapo ndipo penye nusu ya matatizo ya magari ya mji huu. Majani yake ni madogo, yanapita kwenye nyavu za plastiki iliyo chini ya wipa na kujaza bonde lililomo ndani. Bonde hilo lina matundu ya kutolea maji kwenye ncha zake, kulia na kushoto, yanayoshuka nyuma ya madigadi. Katikati yake, upande wa abiria, kuna mdomo wa kuvutia hewa ya blowa (feni inayopuliza hewa ndani ya gari), na mdomo huo una ukingo ulioinuka. Matundu yakiziba, maji hupanda mpaka yakavuka ukingo, yakaanguka moja kwa moja ndani ya blowa na miguuni. Mvua ndogo hailowanishi kitu. Mvua ya usiku kucha inajaza kapeti.

Funga boneti, weka alama ya kalamu kwenye kioo mahali wipa zinapolala, kisha zifungue (nati namba 12 au 14 chini ya kofia ya plastiki). Fungua boneti, toa klipu za plastiki kwa bisibisi bapa, taratibu, kwa sababu za 1998 zimekauka na kuvunjika ni rahisi. Nunua kumi za akiba kabla hujaanza. Toa majani kwa mkono, usiyasukume kwa maji, utayapeleka matunduni. Halafu mimina lita tano polepole, ncha moja kisha nyingine, na mtu atazame nyuma ya magurudumu ya mbele. Maji yatoke kama yalivyoingia, bila kusita. Yakisita, zibua kwa uzi ule ule wa nailoni.

Bonde likiwa wazi, tazama mishono ya bati kwa tochi. Kiwanda kilipaka gundi ya mishono, na baada ya miaka 25 ya jua hupasuka kama udongo wa ziwa lililokauka. Palipopasuka kwangua, safisha kwa spiriti, paka gundi ya mishono ya bodi ya poliyurethani. Hiyo inapigwa rangi juu yake. Silikoni haipigiki rangi.

Sasa kipimo cha mvua chenyewe. Toa kapeti ya mbele kushoto au walau ikunje hadi uone bati, kausha, kisha tandaza karatasi za gazeti kavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji usio na kichwa cha kufinya. Maji yatiririke tu. Usitumie mashine ya kuoshea gari: shinikizo lake linasukuma maji mahali ambapo mvua haifiki, utatengeneza kisicho kibovu.

Utaratibu ni kutoka chini kwenda juu. Kizingiti cha mlango dakika tano, kisha chini ya kioo cha mlango dakika tano, kisha ncha ya chini ya windskrini, kisha pembeni yake, mwisho paa. Ukianza na paa maji yanashuka kila mahali na hutajua ni mshono upi umeyapokea. Kila hatua subiri kabla ya kupanda, kwa sababu tundu dogo huchukua dakika mbili tatu kuleta tone la kwanza. Na zungusha gari liwe tambarare. Likiwa pua chini, maji ya mlango wa nyuma husafiri chini ya kapeti mpaka mbele, ukaja kumlaumu asiye na kosa.

Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kioo uushuku kabla ya vingine. Maji kuingia ndani ya mlango ni kawaida, hupita kando ya kioo na kutoka kwenye matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije ndani ni nailoni iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango. Mafundi wengi wa vioo huichana na hawairudishi. Fungua pambo uone. Kama imechanika, nunua hadwea nailoni nzito ya ujenzi, geji 500, ikate kwa kipimo cha ile ya zamani, ubandike kwa utepe mweusi wa butili (gundi laini kama raba) usiokauka. Solotepu ya kawaida itaachia wiki ya kwanza ya joto. Ukingo wa chini wa nailoni uingie NDANI ya mlango, kwenye upenyo wake, ili maji yanayotiririka juu yake yadondokee ndani ya bati. Ukiuacha nje, umetengeneza mlizamu wa kuelekea kwenye kapeti.

Na utazame waya za alamu zilipita wapi ukutani. Aghalabu raba ya tundu hutobolewa kwa bisibisi na kuachwa hivyo.

---

Binti_Kisauni

Wakubwa wamemaliza mbele, nami nichukue buti, kaka.

Usipoteze muda kuchungulia kutoka nje. Toa kila kitu: tairi, jeki, kapeti, mapambo ya pembeni. Kausha mpaka shimo la spea liwe la vumbi. Kisha paka poda ya mtoto au chaki ya unga kwenye kuta za ndani, chini ya taa zote mbili, kwenye kona za kioo cha nyuma na kuzunguka shimo. Tone likipita juu ya poda linaacha mstari, na mstari una mwanzo. Hiyo ni bora kuliko macho, kwa sababu utausoma hata baada ya mvua ya usiku.

Mtu mzima anaweza kulala ndani na tochi huku mwingine akimwaga maji, lakini kiti cha nyuma kiwe kimefunguliwa ili asifungiwe bila hewa, na asiwe mtoto.

Washukiwa wa buti kwa mpangilio wa uzoefu: raba za taa za nyuma, raba ya mfuniko wa buti, mshono wa bati chini ya bawaba, kona za chini za kioo cha nyuma, vipumulio (matundu ya kutolea hewa ya ndani) vilivyofichwa nyuma ya bampa, na antena ya umeme kama ipo, yenye kimpira chake cha kutolea maji.

Taa: nati tatu au nne kwa ndani, namba 8 au 10. Ivute nje. Sponji yake ikiwa imelala bapa kama karatasi, haizibi tena. Usirudishie na silikoni. Safisha uso wa bodi, zungusha uzi wa butili wa milimita 8 kwenye mkondo ule ule wa sponji, ncha mbili zikutane upande wa chini, si juu. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, kwa mkono mwepesi. Plastiki ya taa za zamani hupasuka kwenye mzizi wa boliti, na ufa huo ni mlango mwingine wa maji.

Raba ya mfuniko: kata ukanda wa karatasi ya daftari, funga buti juu yake, vuta. Ikitoka bila kushika, hapo raba haigusi. Rudia kila sentimita 15. Wakati mwingine raba ni nzima ila ukingo wa bati ulioishika umepinda kwa sababu ya mzigo, unaunyoosha kwa plaisi iliyofungwa kitambaa. Kulainisha raba tumia grisi ya silikoni. Vaselini na oili ya injini huivimbisha raba ya mlango na kuilegeza.

Kile kizibo cha raba chini ya shimo la spea usikitoe ukakiacha wazi ili maji yatoke yenyewe, kama wanavyoshauriana wengi. Panapopita maji na moshi wa ekzosi hupita, na moshi huo hauna rangi ya kukuonya.

---

Mkaazi_Tudor

Shukran sana. Nimefanya kwa mpangilio wenu, matokeo ni haya.

AC: dakika 20, chini hakuna hata tone. Nilipopitisha uzi wa nailoni ulitoka ute mweusi na maji kama jagi zima. Sasa inadondosha nje.

Bonde la chini ya wipa: tundu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa kwa majani. Limezibuka, lita tano zinatoka.

Mlango: nailoni ipo lakini nusu ya chini imeachia. Nimeweka mpya.

Rejeta: siku tatu, kiwango hakijashuka cha kuonekana.

Buti: mstari wa poda unaanza taa ya kushoto, kona ya juu.

Lakini kipimo cha mpira bado kinaleta maji mbele. Kizingiti na mlango ni kavu. Nikifika pembeni ya windskrini, kona ya juu kushoto, baada ya dakika tatu tone linashuka ndani ya pambo la nguzo mpaka chini. Silikoni ya nje inaonekana nzima. Je, niiondoe na kupaka nyingine hapo tu?

---

FundiBodi_Changamwe

Umefanya kazi safi. Hapo kwenye windskrini usipake kitu bado. Thibitisha kwanza kwa hewa. Funga vioo na milango yote, ziba vipumulio vya nyuma ya bampa kwa utepe wa karatasi, weka blowa mwisho kabisa ikivuta hewa ya nje, si ile ya kuzungusha ndani. Gari litajaa upepo. Paka povu la sabuni kwa brashi kuzunguka kioo chote na kando za mkanda wa paani. Panapochemka mapovu ndipo penye njia. Maji hukuonyesha yanapoishia. Hewa hukuonyesha yanapoanzia. Na Corolla hilo lina mkanda mweusi kwenye mfereji wa paa; gundi iliyo chini yake ikipasuka, maji huingia nguzoni na kushuka mahali pale pale. Ukiivunja windskrini kumbe ni mfereji wa paa, umepata hasara mbili.

Kama mapovu yako kwenye mkanda wa paa: uvute taratibu, kwangua gundi iliyopasuka, toa kutu, paka praima (rangi ya msingi), kisha gundi ya mishono, rudisha mkanda. Kazi ya asubuhi moja.

---

Mkaazi_Tudor

Mapovu yako kwenye kioo, kona ya juu kushoto, urefu wa kama kiganja. Mkanda wa paa hauna kitu. Nilipoinua ncha ya silikoni kwa ukucha, chini yake rangi imefura na kuna unga wa kutu.

---

Mzee_wa_Mikindani

Kama ni kiganja kimoja, iko silikoni nyepesi inayotambaa, ya kuzibia vioo na isiyotoa asidi, unaidondosha kwenye upenyo ikaingia yenyewe. Inaweza kukuvusha msimu huu.

---

FundiBodi_Changamwe

Mzee wangu, kwa heshima, hilo lingefaa kama bati lingekuwa zima. Palipo na unga wa kutu, gundi imeshika kutu, si bati. Utaziba juu na kutu itaendelea kutambaa chini ya kioo, na hewa yetu ya chumvi inaikimbiza. Tena windskrini iliyogundishwa ni sehemu ya nguvu ya bodi. Ikishikwa na kutu, siku ya ajali inaweza kutoka. Akiwa hana pesa leo, abandike utepe mpana wa plastiki juu ya kona mvua ipite, na hiyo iwe wiki, si msimu.

Kazi yenyewe, ili ujue cha kumdai fundi:

Kioo kikatwe kwa waya kitoke kizima, kama kilivyo kipya hakina sababu ya kuvunjwa. Silikoni yote ikwanguliwe kwenye bodi na kwenye kioo, kisha isafishwe kwa kisafishi chake mpaka kitambaa kisiteleze. Hapa ndipo wengi wanapokimbia, na ndipo kazi inapofia.

Kutu isuguliwe mpaka chuma cheupe, si mpaka rangi ya kahawia iliyolainika. Vijishimo vilivyobaki vipakwe dawa ya kugeuza kutu, vioshwe na kukaushwa kama kopo linavyosema. Tundu likiwa limetoboa, lichomelewe kipande. Gundi haizibi tundu la bati. Halafu praima ya epoksi, rangi, na ikauke sawasawa. Kama fundi anataka kubandika kioo saa ile ile juu ya rangi mbichi, mkatalie.

Gundi nzuri ya zamani iliyobaki kwenye bodi ikatwe ibaki milimita 1 hadi 2, isitolewe yote; gundi mpya hushika vizuri juu ya ile. Praima nyeusi ipakwe ukingoni mwa kioo na kila palipochubuka. Gundi iwe poliyurethani ya windskrini, na tarehe yake uisome mwenyewe, iliyopitwa haishiki. Mdomo wa bunduki ukatwe pembetatu, uzi wake uwe na kimo cha milimita 12 hivi, uende mzunguko mzima bila kukatika. Tyubu ya mililita 310 ikiisha katikati ya mzunguko na ya pili haijafunguliwa, mahali pa kuunganisha ndipo patakapovuja, kwa hivyo ziwe mbili mezani. Vitako vya raba chini ya kioo virudi, la sivyo kioo huteleza na uzi hupungua juu, na huenda ndivyo ilivyokuwa kwenye kona yako.

---

Fundi_Umeme_Bamburi

Msisahau kapeti, maana hata maji yakizuiwa leo, uvundo na kutu vitaendelea. Juu kapeti hukauka kwa siku moja. Chini kuna sponji nene inayoshika lita kadhaa, na jua la dirishani haliifikii. Lazima itoke.

Toa kebo ya hasi ya betri kwanza. Ukiona soketi za manjano, hizo ni za eabegi: subiri zaidi ya sekunde 90 baada ya kutoa betri, na mita ya kupimia umeme isiguse waya zake. Kiti kina boliti nne namba 14. Kabla ya kukivuta, inua ukatazame kama kuna soketi chini yake. Kizingiti cha plastiki kinatoka kwa kuvutwa juu. Kapeti nzima si lazima. Ikunje mpaka katikati, tenga sponji, inyonye kwa vakyumu ya maji, kisha ianikwe juani imeinuliwa, upande wa sponji juu, siku mbili au tatu. Ukiminya na kiganja kikabaki kikavu, imekauka.

Kama gari limewahi kupita kwenye maji ya bahari yaliyopanda barabarani, au pale ukingoni mwa kivuko cha Likoni bahari imejaa, onja ulimini maji unayoyaminya. Yakiwa na chumvi, osha sponji kwa maji baridi ya mfereji mara mbili tatu kabla ya kuanika. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu hewani, na kapeti itakuwa mbichi kila usiku hata bila mvua.

Ukungu uondoe kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, brashi, kisha jua. Jiki usiipeleke karibu na mikanda ya usalama, inadhoofisha nyuzi.

Upande wa abiria tazama soketi zote zilizo chini ya dashibodi na kwenye kona ya miguu. Unga wa kijani kwenye pini ni shaba inayoliwa. Safisha kwa dawa ya kontakti na brashi ya meno, kausha, rudisha. Usijaze grisi ya kawaida humo. Na waya za alamu zilizosokotwa na kufungwa utepe zifunguliwe ziungwe upya kwa risasi ya kuchomea waya na kivishio cha kusinyaa kwa joto. Tundu lake ukutani liwekewe raba mpya, na waya ujikunje kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia, ili maji yanayoufuata yadondoke nje. Vizibo vya sakafu navyo vihesabu: kimoja kikikosekana, madimbwi ya barabarani yanaingia kutoka chini.

Bati la sakafu likiwa na kutu ya juu juu: brashi ya waya, dawa ya kutu, praima ya epoksi, rangi. Usirudishe kapeti kabla ya mvua moja kubwa kupita na gazeti kubaki kavu.

---

Mkaazi_Tudor

Nimeelewa. Swali la mwisho: kioo kikibandikwa kipindi hiki cha mvua, unyevu hautaharibu gundi? Na nikae muda gani kabla ya kuliendesha?

---

FundiBodi_Changamwe

Unyevu wa hewa ndio unaoikausha poliyurethani, kwa hivyo hali yetu inaisaidia. Kinachoharibu ni maji kwenye uso wa kubandikia, au jasho la mkono. Afanyie chini ya paa. Muda wa kuendesha umeandikwa kwenye tyubu na hutofautiana, ufuate huo. Utepe wa kushikilia kioo ubaki saa 24, na kwa siku mbili za kwanza dirisha moja liwe wazi kidogo kila unapofunga mlango: upepo wa mlango uliobamizwa unasukuma kioo na kufungua gundi ambayo bado ni laini. Mashine ya kuoshea isikaribie hapo. Siku ya tatu rudia povu la sabuni, pembe zote nne.